Pua ya Kunusa Gesi Kule Kimulot

Kijana, ukija kunitembelea hapa Ahero saa nane mchana utanikuta nimevua shati, nimeketi kwenye kivuli cha nyumba, nalalamika. Joto la huku linanishinda hadi leo. Mke wangu amechoka kunisikia. "Wewe na baridi yako ya Kericho," huniambia akichambua omena, "si ungebaki huko huko?" Ningebaki, mama. Haki ya Mungu ningebaki. Lakini nyumba ya kampuni ni ya mtu wa kazi, na siku kazi ikiisha unarudisha ufunguo, unapakia kitanda kwenye lori, unashuka mlima. Ndivyo ilivyo kwa sisi tuliotoka upande wa ziwa kwenda kufanya kazi kwenye chai. Unazeeka mahali ambapo si pako, halafu unarudi pako na unakuwa mgeni.

Nyinyi mnaosomea umeme pale polytechnic mliniomba niwaandikie ile kazi moja iliyonifunza kuliko zote. Najua mlitarajia niseme boila ya kiwanda, ama zile mota kubwa za kukausha majani. Wapi! Ni kidude cha plastiki kinachotosha kwenye kiganja, kilichofungwa kwa skrubu karibu na sakafu ya karavani. Kazi yake ilikuwa kunusa gesi ikivuja na kupiga kelele. Sisi karakanani tulikiita Pua.

Karavani yenyewe ilikuwa ile ya watu wa kupiga kambi, ya kuvutwa na gari. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliiacha kwa kampuni yetu ya chai. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi, na friji inayotumia gesi. Hiyo friji ndiyo iliyowapa wakubwa wazo. Miaka hiyo ya tisini, kule juu Kimulot karibu na msitu wa Mau, hakukuwa na stima, na akina mama walikuwa wanatembea na watoto mgongoni mpaka Litein kutafuta chanjo. Wengi hawakwenda. Basi karavani ikapakwa rangi nyeupe, ikavutwa na trekta mpaka Kimulot, ikawekwa kando ya banda la kununulia majani chai. Humo ndani akaingia Sista Chelangat, muuguzi, na friji yake ya chanjo, na nje akawekwa Mzee Sigei, mlinzi. Kulikuwa pia na jenereta ndogo ya petroli ya kuchaji betri ya taa, na betri hiyo ndiyo iliyoilisha Pua.

Mimi nilikuwa fundi wa umeme katika karakana ya shamba, kule chini karibu na Kericho. Kitu chochote chenye waya kikiharibika, walikuwa wanasema, "Mwite Ouma." Na ile karavani ilipoanza kulia, wakaniita.

Ilikuwa inalia mchana, mvua ikinyesha, na hakuna aliyejua kwa nini. Sheria ilikuwa moja tu: Pua ikilia, funga mtungi wa gesi, watu wote nje, na mtu asirudi mpaka fundi aje. Mkiisoma hivyo mnaiona ni sheria nzuri. Lakini ukifunga mtungi, friji inazima. Friji ikizima, chanjo inaharibika. Siku moja nilifika nikamkuta Sista amesimama nyuma ya karavani penye shimo la taka, anatupa chupa za chanjo moja moja. Akina mama walikuwa wameshaanza kurudi njia ya msituni na watoto wao hawajachanjwa. Hakunisalimia. Alikuwa analia, na hakujificha.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, msije mkasema mzee anawapigia porojo tu.

Jambo la kwanza, uliza mlio. Pua haina mlio mmoja. Ikitoa mlio mfupi, inyamaze, itoe tena, hiyo inalia njaa: betri imeshuka ama waya umelegea. Ikilia mfululizo bila kupumua, imenusa kitu. Fundi asiyeuliza "ililia vipi?" atafungua nati mpaka jioni na hatapata kitu. Mimi niliuliza mara ya kwanza kabisa nilipoenda, mguu mmoja bado uko ndani ya pikapu. Sista akaweka mikono kiunoni akaniigizia ule mlio kwa mdomo wake, mrefu, mbele ya akina mama wote. Walicheka mpaka watoto waliokuwa wamelala wakaamka. Nafikiri nilianza kupotea siku hiyo.

Jambo la pili, tafuta uvujaji wa kweli kwanza. Usifike mahali na wazo kwamba chombo kinadanganya. Unachukua sabuni ya unga, unaikoroga na maji kidogo mpaka iwe nzito, unapaka kwa brashi kila penye kiungo, kutoka mtungi hadi jiko hadi friji. Penye kuvuja patatoa povu. Msitumie kiberiti! Tulikuwa na mwenzetu Barasa, mtu wa mabomba, aliyeamini moto ndio unasema ukweli. Aliwasha njiti ya kiberiti kwenye jiko la klabu ya mameneja, na jiko likamjibu. Alirudi karakanani bila nyusi, na kwa muda mrefu alionekana kama mtu aliyeshangaa jambo fulani. Tulimtania mpaka akaomba likizo.

Mimi nilipaka sabuni. Hakuna povu. Nikabadilisha mpira wa gesi, nikabadilisha regulata, nikapaka tena. Kavu kabisa. Nikamwambia Sista iko sawa. Mvua iliyofuata ikalia.

Nilirudi nikaketi nikimtazama Sista akifanya kazi, nikaona anafuta meza kwa pamba yenye spiriti, tena anainama mpaka chini, anafuta hata ile sehemu ya ukuta iliyo juu ya Pua. Nikaruka juu. Pua hizi hazijui jina la kitu zinachonusa. Spiriti, rangi mbichi, ile dawa ya kupuliza nywele, vyote kwake ni gesi. Nikamfundisha afutie mbali na aache mlango wazi. Nilirudi Kericho nikipiga mluzi njia nzima, nimemaliza. Yawa! Wiki haikuisha ikalia.

Halafu likaja jambo la kibuyu. Hilo ndilo hunichekesha hadi leo nikiwa peke yangu, na mke wangu akiniuliza nacheka nini namwambia ni redio. Sista alikuwa na kibuyu cha mursik kwenye kona, chini ya meza. Mnajua mursik, yale maziwa ya Wakipsigis yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Mimi nikaona mkaa, nikaona kitu kinachochacha, nikasema nimempata mwizi. Nikanyoosha mkono.

"Fundi, usiguse sotet ya mama," akasema.

"Sista, hiki ndicho kinaleta shida. Kinatoa hewa."

"Kinatoa hewa?" Akasimama. "Mama yangu amelea watoto na mursik miaka yote, na wewe Mjaluo umekuja na bisibisi kuniambia kinatoa hewa? Hebu tukipime. Sasa hivi!"

Akakichukua yeye mwenyewe, akafungua kifuniko, akakiweka chini mdomo ukiangalia Pua. Tukachuchumaa pale wawili, bega kwa bega, tunaangalia plastiki. Kimya. Akakisogeza zaidi. Kimya. Mzee Sigei alikuwa amechungulia dirishani, koti limefungwa mpaka shingoni. "Hata hiyo mashine imependa," akasema. Sista akacheka, akamimina kikombe, akanipa. "Kunywa adhabu yako." Nikanywa. Mpaka leo nikifumba macho napata ule uchachu na ule ukali wa mkaa, na huku Ahero hakuna anayeweza kunitengenezea.

Niseme tu wazi, kwa sababu nimeshazeeka: nilimpenda yule mwanamke. Nilikuwa bado sijaoa. Sikumwambia. Miaka ile watu wa upande wetu na watu wa upande wao walikuwa wanaangaliana kwa jicho la pembeni, hasa kura zikikaribia, na mimi nilikuwa mtu wa kuogopa maneno. Nikawa nafurahia safari tu. Ikisemwa kwenye ile redio ya kuitana pale karakanani kwamba karavani ya Kimulot imelia, wenzangu walikuwa wanasikitika na mimi natafuta shati safi.

Lakini chanjo zilikuwa zinatupwa. Mwishowe meneja akaniita mimi na foremani wangu, Mzee arap Kirui. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kuweka watu kwenye karavani asiyojua kama italipuka. "Ikilia tena baada ya fundi kusema ni salama, naiteremsha. Sista atarudi hospitali ya shamba, na watu wa Kimulot watatafuta njia nyingine." Njia nyingine haikuwepo, na sisi sote tulijua. Na hiyo hospitali ya shamba, vijana, geti lake lilikuwa linaangaliana na mlango wa karakana yetu. Ningekuwa namwona kila siku.

Mzee arap Kirui ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache. Tulipotoka kwa meneja akaniambia, "Ouma, wewe una haraka ya kufungua. Hebu keti huko siku nzima, mikono mfukoni. Angalia watu wanaishi vipi na hiyo kitu." Hilo ni somo kubwa, liandikeni. Mashine haiko peke yake. Kuna watu wanaipita, wanaiwekea vitu, wanaifunika, wanaifungia dirisha.

Basi nikaenda nikaketi. Mikono mfukoni. Mvua ya alasiri ikashuka kama kawaida yake, ile inayoanzia msituni unaisikia kabla hujaiona. Watu waliokuwa wameleta majani wakakimbilia chini ya banda. Sista akafunga madirisha. Nikangoja. Pua haikusema neno. Nikaenda tena siku nyingine, hivyo hivyo. Mimi nikiwepo, kimya. Nikiondoka, inalia. Nilianza kufikiri inanichukia. Namna hiyo ya tatizo, linalojificha fundi akifika, ndilo linalowafanya mafundi wengi waache kazi wakauze nguo.

Sasa, ile siku nilipolipata, sikulipata kwa akili. Nilikuwa napeleka mtungi mpya wa gesi, na hakuna aliyejua nakuja. Barabara ya Kimulot mvua ikiinyeshea inakuwa sabuni. Pikapu ikateleza kwenye ile kona ya mwisho ya kupanda, ikaingia mtaroni, dereva akazima na kusema hatoki hapo mpaka trekta ije. Nikaweka gunia kichwani, nikachukua kisanduku cha vifaa, nikakata katikati ya mashamba ya chai kwa miguu. Majani yalinilowesha mpaka kiunoni. Nikiwa bado chini ya banda nikasikia. Inalia! Mfululizo, kama Sista alivyoniigizia.

Akina mama walikuwa wameshatoka, wamejibana chini ya banda na watoto ndani ya mashuka. Sista alikuwa amepiga magoti kwenye matope anafunga mtungi. Na mlangoni mwa karavani, akishuka ngazi kinyumenyume, alikuwa Mzee Sigei amekumbatia betri ya gari kifuani. Akageuka, akaniona. Mzee wa watu akasimama pale pale mvuani.

"Mzee, hiyo ni nini?" nikamwuliza.

Akaitazama kana kwamba amepewa na mtu njiani. "Ni betri."

"Ya nani?"

"Ya arap Maritim."

"Na huko ndani?"

Akamwangalia Sista. Sista akasimama, akafuta matope kwa aproni. "Mwache, Fundi. Ingia uangalie mwenyewe."

Nikaingia. Nikainua godoro, nikafungua lile sanduku lililo chini ya kitanda. Betri za gari zilikuwa zimepangwa humo, zimeunganishwa na waya wa kuchajia kutoka kwa jenereta, na mbili zilikuwa zinachemka kabisa, unasikia maji yanavyotokota. Ile harufu kali ya asidi ikanipiga. Na ng'ambo ya kibao chembamba cha hilo sanduku, Pua.

Nyinyi mmezaliwa na stima, hamjui. Siku hizo mtu akiwa na televisheni kule mashambani, ile ndogo isiyo na rangi, aliiwasha kwa betri ya gari. Betri ikiisha aliifunga kwa punda ama kwa baiskeli, akaipeleka Litein kuchajiwa, akaingoja. Hakuna mpira, hakuna taarifa, mpaka betri irudi. Sasa jueni: betri ya asidi ukiichaji kupita kiasi, maji yake yanachemka na kutoa hewa inayoshika moto. Pua haikuwa inadanganya hata kidogo. Ilikuwa inanusa hatari ya kweli, ila si ile tuliyokuwa tunatafuta. Kila mara nilipoandika kwenye daftari la kazi "mlio wa uongo" nilikuwa ninaitukana bure.

Nikachomoa zote, nikafungua madirisha. Pua ikanyamaza. Sista akaketi kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inampiga miguuni na hakujali.

"Kumbe ndizo zinazoiliza! Zikiwa nje kwenye jua hakuna shida," akasema. "Mzee anazichajia pale kando ya jenereta. Mvua ikija anaziingiza zisinyeshewe. Na tukisikia pikapu yako inapanda ile kona, anazitoa zote anazificha nyuma ya banda. Leo hatukusikia gari."

"Kwa nini unanificha, Sista?"

"Wewe ni mtu wa kampuni."

Iliniuma. Nyinyi acheni tu, iliniuma sana. Labda aliona, kwa sababu akasogea akanipa nafasi kwenye ngazi.

"Fundi, nikuambie ukweli. Mwanaume wa huku haji kliniki. Anasema ni mambo ya wanawake. Na akikataa, bibi hatoki nyumbani na mtoto. Lakini akileta betri lazima angoje. Akingoja namwongelesha. Namwonyesha mtoto wa jirani aliyepona. Arap Maritim alikataza bibi yake chanjo, alisema inaharibu damu. Sasa muone pale." Akanionyesha bandani. Mwanaume mrefu mwenye kofia ya sufu alikuwa amesimama kati ya akina mama, amebeba mtoto mchanga kama mtu anayebeba mayai. "Amemleta mwenyewe. Mkinikataza betri, watarudi Litein nazo, na watoto watabaki nyumbani. Utasema?"

"Nipe siku kidogo," nikasema.

Niliteremka kwa miguu mpaka kwenye pikapu, na njiani niliwaza. Mimi si malaika. Nilijua nikimweleza meneja habari ya betri za watu, atazipiga marufuku siku hiyo hiyo. Nilijua pia kwamba nikisema tu ni salama, nisifanye lolote, Pua italia mara moja zaidi, karavani itashuka, na Sista Chelangat atakuwa anavuka barabara kila siku saa nne kuja kunywa chai kwenye kibanda chetu. Nilimwona kabisa anavuka. Kisha nikaziona zile chupa shimoni, na uso wake. Nikafika kwenye pikapu nikamwambia dereva nahitaji mbao.

Zamani chai ilikuwa inasafirishwa kwa masanduku ya mbao nyembamba, na kiwandani hayakosi yaliyovunjika. Mzee arap Kirui akanitafutia mengi, na mabati mawili, bila kuniuliza swali hata moja. Nikajenga kibanda cha betri mbali na karavani, mbali na mtungi, kimeinuliwa kutoka ardhini. Juu, chini ya bati, niliacha nafasi wazi pande zote. Hapo muwe makini: gesi ya mtungi ni nzito, inalala sakafuni, ndiyo maana Pua inafungwa chini. Hewa ya betri ni nyepesi, inapanda; mle sandukuni ilikosa njia ya juu, ikapenya kwenye kibao mpaka kwa Pua. Ukiiachia njia juu inakwenda zake. Ile betri ya karavani nayo nikaihamishia huko. Nikaziba kila tundu la waya. Nikamfundisha Mzee Sigei kutazama maji ya betri, na kutoa kibanio mara tu yakianza kuchemka. Wenye betri ndio waliochimba mashimo ya nguzo. Arap Maritim alipiga misumari na mtoto yuko mgongoni mwake, na wenzake wakamcheka, na yeye akaendelea kupiga.

Meneja nilimwambia kulikuwa na betri zinachajiwa ndani na nimezijengea kibanda nje. Hakuuliza za nani, na mimi sikumwongezea. "Umejaribu kwenye mvua?" akauliza. Alikuwa ameuliza swali la maana.

Basi nikapanda kujaribu. Tuliwasha jenereta, tukaunganisha betri zote zilizokuwepo Kimulot, na tukangoja mvua. Ikaja kubwa. Sista akafunga madirisha, tukaketi, yeye kwenye kitanda na mimi kwenye kile kiti cha akina mama, na friji inawaka taratibu katikati yetu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia kitu kingine, lakini sisi tulikuwa tunasikiliza. Akawa ananiangalia mimi, kisha Pua, kisha mimi. Nilikuwa naomba inyamaze. Na Mungu anisamehe, nilikuwa naomba pia ilie kidogo tu, mara moja, nipate sababu ya kurudi kesho.

Mvua ikaisha. Maji yakawa yanadondoka tu kwenye majani ya chai. Pua ilikuwa kimya.

"Imeisha," akasema Sista.

"Imeisha."

Akafungua dirisha, hewa baridi ikaingia. Akakaa hapo amenipa mgongo. "Kwa hivyo, Fundi, sasa utakuja huku kufanya nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeongea. Mimi nikaanza kupanga spana kwenye kisanduku, ndogo kwa kubwa. "Ikilia, niite."

"Na isipolia?"

"Basi nitajua mko salama."

Akageuka akaniangalia, akangoja kidogo. Kulikuwa na mama amefika mlangoni na mtoto anayekohoa. Akasema, "Kongoi, Fundi," yaani asante, akampokea mtoto.

Karavani haikushuka. Ilikaa Kimulot mpaka wakajengewa zahanati ya mawe, na Sista Chelangat akahamia humo, akaolewa na mwalimu wa huko huko. Nilisikia kwa watu. Nami baadaye nikapata huyu mama wa nyumba yangu, mwanamke mwema anayenivumilia na joto langu, na hadithi hii anaijua yote.

Lakini msimu ule wa mvua, jamani. Redio ya karakana ilikuwa ukutani karibu na benchi langu, na ikiita niliifikia kabla ya mtu yeyote. Pampu ya bwawa imekwama. Taa za kiwanda zimezima. Trekta ya Kapsoit haiwaki. Kila alasiri mvua iliposhuka kutoka upande wa msitu niliacha nilichokuwa nafanya, nikasimama na bisibisi mkononi nikiitazama ile redio. Mzee arap Kirui aliniona, akarudi kwenye kazi yake. Kimulot hawakuita. Ile kazi niliifanya vizuri, vijana wangu. Haikulia tena.